Daka Bila Nyumba

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakunena kuwa mgeni asimamishwe mlangoni atazamishwe nakshi. Hili nililitambua kwa aibu, chama chetu kilipounda tovuti ya kuchapishia mashairi ya wanachama na ya malenga wa vijijini.

Mimi ndiye niliyeshikilia kwamba tovuti itanguliwe na ukurasa wa kukaribisha: jahazi likitweka tanga, mlio wa siwa, na neno "Ingia" pembeni. Wenzangu waliposaili faida yake, niliwajibu kisomi. Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, hakuanza wasia papo hapo. Alimwita bintiye kwanza, akamtaka atwae wino na karatasi. Nyumba za mawe za Lamu nazo zina daka, mgeni apokelewapo kabla ya kuingia ndani. Hoja ikapita.

Juma hilo hilo nilimpigia simu ami yangu, mtunzi wa miaka mingi, ambaye shairi lake tulikuwa tumelichapisha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mlango wenu nimeuona, wapendeza. Shairi silioni. Kama halikufaa, ungeniambia tu."

Alikuwa amenunua bando la shilingi 20, akalingoja jahazi hadi bando likaisha.

Usiku ule niliupima upya ulinganisho wangu. Dibaji ya utendi humwandaa msikilizaji kwa yajayo. Daka lina baraza la kukalia, na mwenyeji yupo. Ukurasa wangu haukuwa na la kumwambia mtu, ulijitangaza wenyewe. Mwanzoni mwa karne hii kurasa za aina hiyo zilienea, nyingi zikiundwa kwa programu ya Flash, ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Aghalabu ziliwekewa kitufe cha kuuruka utangulizi. Je, si ungamo hilo, kwamba waundaji wenyewe walijua mgeni ana haraka?

Ukurasa huo unastahili pale tu msomaji anapopaswa kuamua jambo kabla ya kuingia, kama vile kuchagua lugha au kuthibitisha umri. Sisi hatukuwa na la kumtaka aamue. Niliiomba kamati iuondoe, na orodha ya mashairi iwe ndiyo mwanzo. Jahazi likabaki, picha ndogo juu ya orodha.

Ami alipofungua tena, hakulitaja jahazi. Alinikemea kuwa katika ubeti wa tatu tumempunguzia mizani moja.

Nikajua ameingia.