Upepo wa Foki Langoni mwa Hell's Gate

Kusini mwa Ziwa Naivasha liko bonde ambalo jina lake latisha kuliko sura yake. Hell's Gate ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1984, na ni miongoni mwa chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, swala na twiga. Njia itokayo Lango la Elsa yapita karibu na mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, kisha baina ya magenge marefu kuelekea Korongo la Ol Njorowa. Ni njia ya vumbi na changarawe. Viganja na mabega ndivyo vipokeavyo kila mtikiso.

Wengi hukodi baiskeli karibu na lango, na wengine huja na zao kutoka pwani. Baiskeli moja ikipokezanwa na jamaa, foki ya hewa yataka uangalizi. Baba wa kilo 90 na binti wa kilo 45 hawawezi kutumia upepo mmoja. Foki iliyojazwa kwa uzito wa baba huwa ngumu kama gogo chini ya binti: gurudumu hurukaruka, tairi halishiki ardhi, na konani huteleza. Iliyojazwa kwa binti humzamia baba, na breki ya ghafla humwinamisha mbele.

Kwa kawaida vali ya foki hiyo i juu ya mguu wa kushoto, chini ya kifuniko kidogo. Hutumika pampu maalumu yenye kipimo. Ile ya tairi haifai. Kwanza hakikisheni kwamba foki haijafungwa. Binti apande na mkoba wake wa maji, huku mtu ameishika baiskeli. Msaidizi aisukume pete ya mpira iliyo kwenye fito la foki hadi chini kabisa, kisha binti ashuke taratibu. Nafasi itakayojitokeza chini ya pete ndiyo kipimo. Foki yenye mwendo wa milimita 100 yafaa izame milimita 20 hadi 25. Ikizidi, ongezeni upepo bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji. Ikipungua, toeni kidogo kidogo. Kila baada ya kubadilisha, ibonyezeni foki mara kumi hivi ili hewa ya ndani isawazike, ndipo mpime tena.

Kazi hii ifanyiwe langoni, si nyumbani. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huko ni nyepesi. Foki iliyojazwa Mombasa hufika ikiwa ngumu zaidi kidogo. Baridi ya alfajiri nayo huilegeza. Tofauti hizo ni ndogo kuliko ile ya uzito wa wapandaji, lakini kipimo cha palepale huzijumuisha zote.

Akina mama wenye watoto, andikeni kiwango cha kila mmoja katika karatasi na kuitia mkobani pamoja na pampu. Zamu itakapobadilika njiani, dakika chache zatosha kabla ya mdogo kushika usukani.