Magari Yanapolala Usingizi wa Miezi Sita

Mpenzi msomaji, wewe ambaye ukifika mwezi wa Julai huvaa sweta mbili na kusema baridi ya Nairobi imezidi, hebu nikupeleke mahali ambapo baridi huweza kugandisha betri ya gari mpaka ikapasuka kama chupa ya soda iliyosahauliwa ndani ya friza. Mahali hapo ni Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada. Si jina geni masikioni mwa Wakenya. Katika Brooklyn Park na Brooklyn Center, vitongoji vilivyo kando ya jiji la Minneapolis, wanaishi ndugu zetu wengi. Huenda hata wewe una shangazi au binamu huko, naye kila akipiga simu mwezi wa Januari, baada ya kuwajulia hali watu wa nyumbani, huanza kulalamika juu ya gari lake.

Minneapolis na jirani yake St. Paul imekaribiana mno hivi kwamba wenyeji huiita Miji Pacha. Theluji huweza kuanza kuanguka hapo mwezi wa Oktoba, na si ajabu ukaiona tena Aprili. Ukiijumlisha theluji yote ya msimu mmoja wa kawaida, hufika karibu sentimita 130, yaani kimo cha mtoto wa miaka minane. Kuna wakati huja yote kwa pupa. Mwaka 1991, kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 3, zilianguka sentimita 72 mfululizo. Na mnamo Februari 2, 1996, katika mji mdogo wa Tower ulio kaskazini mwa jimbo hilo, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sufuri. Friza unayohifadhia nyama nyumbani huwa na nyuzi 18 tu chini ya sufuri.

Sasa basi, kando ya St. Paul kuna uwanja wa maonyesho ya kilimo ya jimbo zima. Fikiria Jamhuri Park wakati wa maonyesho ya Nairobi, kisha ukuze mambo mara kadhaa: ng'ombe wa maziwa, nguruwe, farasi, pembea za watoto na vyakula vya kila namna, kwa siku 12 mfululizo hadi Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Maonyesho yakiisha na wakulima wakirudi makwao, majengo hayo hayaachwi yakawa makao ya popo. Hukodishwa. Oktoba inapofika huingizwa magari, mashua na nyumba za magurudumu, moja nyuma ya jingine, milango ikafungwa. Humo hulala hadi majira ya kuchipua.

Swali linalowagawa watu wa huko, na ambalo hata mume na mke huweza kubishania mezani, ni hili: je, gari lilazwe baridi ikianza, au liendeshwe mwaka mzima?

Mgeni hudhani kwamba baridi ndiyo inayowatia watu hofu. La hasha! Baridi haili chuma. Adui ni chumvi. Theluji inapoanguka, malori ya serikali hupita usiku na mchana yakiikwangua kwa sahani kubwa za chuma na kumwaga chumvi barabarani, kwa sababu maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Barabara hubaki nyeusi na tairi hushika lami. Baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sufuri, chumvi ya kawaida hulegea kazi, na hapo huongezwa kemikali nyingine au mchanga. Chumvi hiyo huokoa maisha ya watu. Mtu asikudanganye kwamba ni upuuzi.

Lakini kila tairi linapozunguka hurusha maji hayo chini ya gari. Huingia katika maungio ya milango, nyuma ya tairi, kwenye mabomba ya breki na katika fremu yenyewe, mahali ambapo kitambaa cha kufutia hakifiki. Msomaji wa Mombasa atanielewa upesi. Yeye ameona jinsi upepo wa bahari unavyotoboa bati la nyumba iliyo ufuoni, huku bati kama hilo kule Nyeri likidumu miaka na mikaka. Tofauti ni kwamba Mombasa chumvi huja kidogo kidogo kwa hewa. Minnesota humwagwa kwa lori. Gari la miaka 10 lililoendeshwa kila msimu wa baridi huweza kuwa na injini nzima kabisa na sakafu iliyotoboka.

Tena kuna jambo linaloshangaza wengi. Mwenye gari huona huruma, akaliingiza gari lililojaa chumvi katika gereji yenye joto ili lipumzike. Kumbe amelikaribisha kwenye kutu! Joto huyeyusha barafu iliyoganda chini, chumvi hulowa, na kazi ya kula chuma huendelea kwa kasi kuliko kama gari lingeachwa nje likiwa limeganda. Ndiyo maana utaona foleni ndefu kwenye sehemu za kuoshea magari siku baridi inapopungua kidogo, watu wakilipa ili maji yarushwe hasa chini ya gari.

Anayeamua kulilaza gari naye ana kazi yake. Kulilaza si kulifunika turubai na kwenda zako. Huliosha kwanza na kulikausha, asije akaifungia chumvi ndani. Hubadilisha oili, maana oili iliyotumika ina asidi. Hujaza tangi hadi juu ili isibaki nafasi ya hewa yenye unyevu, na kumimina dawa ya kuzuia petroli isiharibike. Petroli ya kawaida ya Minnesota huchanganywa na ethanoli, nayo ethanoli hupenda kunyonya maji. Kwa hiyo sheria ya jimbo inaruhusu petroli isiyochanganywa kuuzwa kwa ajili ya magari ya kale, mashua na mashine ndogo ndogo, na mabango huwekwa kwenye pampu kueleza hivyo.

Betri ndiyo yenye siri kubwa. Betri iliyojaa moto haigandi hata katika baridi kali ya huko. Ile iliyokwisha moto, maji yaliyomo huwa karibu na maji ya kawaida, na nyuzi kama 10 chini ya sufuri zatosha kuigandisha na kuipasua. Kwa hiyo betri hung'olewa na kuwekwa ndani ya nyumba, au huunganishwa na chaja ndogo inayoilisha polepole. Tairi huongezwa upepo zisije zikapata ubapa kwa kusimama pamoja. Breki ya mkono haivutwi, isije ikashikana.

Kisha kuna panya. Usicheke. Panya wa huko naye anatafuta mahali pa kujikinga na baridi, na kwake kichujio cha hewa cha gari lililolala ni godoro. Hutafuna nyaya, huzaa ndani ya viti. Wenye magari huziba bomba la moshi kwa steli wulu, ile tunayosugulia sufuria, kisha hufunga ufunguo kwenye kamba yenye kikaratasi cha kuwakumbusha waitoe kabla ya kuwasha gari.

Wengine huona ni busara kuliwasha gari dakika tano kila wiki ili "lisisahau kazi". Makanika wazuri hulipinga jambo hilo. Injini ikiwaka kwa dakika chache haipati moto wa kutosha kukausha maji yanayozaliwa na moshi wake. Maji hayo hubaki katika oili na katika bomba. Ama uliendeshe mpaka lipate moto sawasawa, ama uliache lilale.

Nani hasa hulaza magari? Aghalabu ni wenye magari ya kale au ya fahari. Mwezi wa Juni uwanja ule ule wa maonyesho hupokea maelfu ya magari ya mwaka 1964 na ya kabla ya hapo, yaking'aa kama vyombo vya harusi, na hakuna hata moja kati yake ambalo lingedumu hivyo likionjeshwa chumvi kila mwaka. Sheria ya Minnesota hutoa nambari maalumu za usajili kwa magari ya ukumbusho yaliyopita miaka 20, kwa sharti kwamba mwenyewe ana gari jingine la shughuli za kila siku. Lisome tena sharti hilo, msomaji. Ndani yake ndimo limo jibu la ubishi wote huu. Kulilaza gari ni uamuzi wa mtu mwenye magari mawili.

Mtazame sasa dada yetu wa Brooklyn Park anayefanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Ana gari moja. Zamu huanza saa tano usiku, na wazee wale hawawezi kuambiwa wangoje theluji iyeyuke. Basi yapo, na treni za mjini zipo pia: moja ilianza mwaka 2004, huenda hadi uwanja wa ndege, na nyingine iliunganisha miji hiyo miwili mwaka 2014. Lakini anayeishi vitongojini na kutoka kazini alfajiri hujua kwamba kungoja basi kituoni katika nyuzi 25 chini ya sufuri si mchezo. Ngozi iliyo wazi huweza kuungua kwa baridi kabla ya nusu saa. Kwake yeye gari ndilo mshahara, na mshahara ndio karo ya wadogo zake huku nyumbani. Ataliendesha, na kutu ile inavyotaka.

Wanaoendesha mwaka mzima nao wana desturi zao. Betri hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake baridi inapofika nyuzi 18 chini ya sufuri, wakati huo huo oili imekuwa nzito kama asali na injini inadai nguvu zaidi ili izunguke. Ndiyo maana utaona magari mengine yana waya wa stima unaoning'inia mbele. Usidhani ni gari bovu. Ndani ya injini mna kifaa cha kuipasha moto, na mwenyewe huchomeka waya huo ukutani usiku kama tunavyochomeka pasi. Ndani ya buti hamkosi sepetu, blanketi, tochi, mchanga wa kumwaga chini ya tairi na nyaya za kuombea moto kutoka betri ya jirani. Gari likikwama nje ya mji usiku, blanketi hilo ndilo huamua kama mtu ataamka.

Hata kuegesha kuna elimu yake. Theluji ikizidi, Minneapolis hutangaza hali ya dharura ya siku tatu. Usiku wa kwanza, kuanzia saa tatu hadi saa mbili asubuhi, hairuhusiwi kuegesha upande wowote wa barabara kuu zilizotengwa. Siku ya pili ni zamu ya upande wa nyumba zenye nambari shufwa katika barabara nyingine, siku ya tatu upande wa nambari witiri, ili malori yakwangue upande mmoja mmoja. Mgeni asiyejua huamka akakuta gari limekokotwa, na kulikomboa ni faini juu ya ada.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi au mgeni anayehamia huko asishawishiwe na gari jipya linalometa analotakiwa kulilipia kwa miaka mitano. Chumvi haina heshima kwa gari la mkopo. Wenyeji wenyewe wana magari wanayoyaita ya baridi: makuukuu, rangi imechujuka, lakini yana betri mpya, hita kali na tairi zenye meno. Baniani mbaya kiatu chake dawa. Gari la namna hiyo likiliwa na kutu halimtoi mtu machozi. Akija kupata uwezo wa la pili, hapo ndipo aanze kuuliza bei ya nafasi kule kwenye mabanda ya maonyesho.

Nasi huku tusidhani mambo haya hayatuhusu. Magari ya Minnesota hayawezi kuletwa Kenya kwa sababu usukani wake uko kushoto. Lakini magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na baadhi yalizunguka sehemu za kaskazini kama Hokkaido, kwenye theluji na dawa za kuyeyusha barafu. Yapo pia yatokayo Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi vivyo hivyo. Unapokwenda kununua, rangi inayong'aa isikutoshe. Vua koti, lala chini, umulike fremu na mabomba ya breki kwa tochi.

Kule St. Paul, theluji ikishayeyuka mwezi wa Machi, mgeni hutarajia milango ya mabanda ifunguliwe siku hiyo hiyo. Haifunguliwi. Lami imekauka na jua linawaka, lakini barabara bado ni nyeupe kwa vumbi la chumvi. Wenye magari huvumilia. Wanangoja mvua kubwa ya kwanza ya Aprili, na wengine hungoja ya pili, ioshe barabara mpaka iwe nyeusi. Ndipo huja na betri zao mikononi, wakachomoa ile steli wulu, wakasikiliza kama injini itaitika.