Mwezi wa Mvuvi na Mwezi wa Kompyuta

Kampuni inayotengeneza programu kwa agizo la mteja hufanya kazi kama fundi cherehani: hupima kwanza, halafu hukata. Tofauti ni kwamba fundi hupima kwa utepe, nayo kampuni hupima kwa maswali. Kwa hiyo hatua yake ya kwanza iko ndani ya fani yetu, hata kama mkataba hauitaji isimu popote.

Niliona jambo hilo Baraka, nilipowakalimania vijana wawili waliotumwa na kampuni moja kutengeneza programu ya kuandika mapato na mgao wa wavuvi wa Ubwari. Mmoja alimwuliza mwenye mtumbwi: "Papa, kwa mwezi mnapata ndakala kiasi gani?" Mzee akajibu: "Ile inategemea mwezi, mwanangu." Kijana akaandika kwamba mapato hubadilika kila mwezi.

Mzee hakusema hivyo. Ndakala huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa ya mvuvi hupoteza nguvu, na mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mwezi wake ni ule wa angani, wa siku 29 na nusu hivi, na hesabu hufungwa giza linapokwisha. Mwezi wa kijana ulifungwa tarehe 30 au 31. Programu ingekata kipindi kimoja cha giza katikati: mafuta ya taa yaliyonunuliwa mwanzoni yangeingia katika ukurasa mmoja, na samaki wengi waliovuliwa kwa mafuta hayo wangehamia ukurasa wa pili. Mvuvi asiye na mtumbwi wake, anayeishi kwa mgao, angeonekana ana deni. Hapo polisemia si swali la mtihani tena. Ni chakula cha watoto wa mtu.

Nilimwuliza mzee ni mwezi upi. Akacheka, akaonyesha juu. Vijana walielewa mara moja, lakini mkuu wao alisema kwa simu kwamba mfadhili anataka ripoti za kalenda. Ndipo nikaona neno jingine lenye maana mbili: mteja. Kwa mkuu, mteja ni anayelipa. Kwa vijana waliokaa ufukweni, mteja ni atakayeitumia programu. Mwishowe ziliwekwa hesabu mbili, ya giza kwa wavuvi na ya kalenda kwa mfadhili, na kazi ikarefuka kwa wiki mbili.

Wiki hizo hazikupotea. Nchini Kenya, M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007, ilisimama juu ya kazi hiyo waliyoichagua wenyewe. Waliobuni walikubali kusahihishwa na watumiaji kabla ya kuieneza nchi nzima.

Asiyerudi kuuliza huandika alichodhani. Burton na Speke walipopita katika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, Burton aliiandika Ubwari kuwa kisiwa. Ubwari ni rasi, imeungana na nchi kavu, na kila mwenyeji alijua hivyo.

Katika ukusanyaji wa data tunafundishwa kumsomea mzungumzaji tulichoandika, ili aseme kama ndicho alichosema. Kampuni nazo zina hatua hiyo, huiita majaribio, ila mara nyingi huja wakati programu imekwisha kuandikwa na bajeti imekwisha kuliwa. Ningependa kitivo chetu kiwapeleke wanafunzi kwenye kampuni hizo mapema, siku ya maswali. Kwa sasa tunaitwa mwishoni, kutafsiri vitufe, na wakati huo neno "mwezi" limekwisha kupewa maana na mtu ambaye hajawahi kukesha ziwani.