Waranti ni Ahadi ya Nani?

Kimya changu kimekuwa kirefu, najua. Kuna walionipigia simu kuuliza kama ninaugua, na mmoja (jina nalihifadhi) akataka kujua kama nimeolewa kimyakimya. La hasha. Nilikuwa nikipigwa danadana. Kwa siku 38 nilikuwa mpira kati ya duka moja la hapa Nairobi, kituo kimoja cha huduma huko Westlands, na sauti moja ya upole iliyokuwa ikipokea simu kutoka nchi ambayo mpaka leo siijui. Sababu ni laptopu. Tena mpya.

Majina ya kampuni sitaandika. Ukimtoa huyu ukamweka yule, hadithi inabaki ile ile, na wengi wenu mtaitambua.

Kwa wasiojua jinsi sisi makoreponda tunavyoishi: hatuna mshahara. Habari yako ikichapishwa unalipwa, isipochapishwa umechoma nauli. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa imezeeka hadi herufi tatu hazibonyezeki, moja ikiwa ni "a". Jaribu kuandika Kiswahili bila "a" uone. Basi nikadunduliza miezi saba. Nikaenda barabara ya Moi, kwenye duka lenye vioo, nikalipa shilingi 68,000. Nikapewa risiti, katoni ikiwa bado na plastiki yake, na kadi ndogo ya waranti iliyosema mwaka mmoja. Muuzaji akanitabasamia: "Madamu, hii ikikusumbua, mwaka mzima uko sawa."

Siku ya 11 ikaanza kuzimika. Uko katikati ya sentensi, skrini inakuwa nyeusi, feni inanyamaza. Ukiiwasha inawaka kama haijafanya lolote. Dakika ishirini, giza tena. Nikabadilisha soketi. Nikatumia betri bila chaja. Nikaiweka sakafuni penye baridi. Nikaondoa kila programu niliyoiongeza. Vile vile.

Jirani yangu ni mhandisi, na alinieleza jambo ambalo nataka mlijue kabla sijaendelea. Wahandisi wana mchoro unaoonyesha vifaa huharibika lini, nao una umbo la beseni la kuogea likitazamwa kwa ubavuni. Mwanzoni mstari uko juu, kisha unashuka na kwenda tambarare kwa muda mrefu, halafu mwishoni unapanda tena. Maana yake ni kwamba vifaa vingi havifi katikati ya umri. Hufa wakiwa wachanga, kwa kasoro waliyozaliwa nayo kiwandani, au hufa wazee kwa kuchakaa. Kiungo kimoja kilicholehemiwa vibaya kinatosha. Mashine ikipata joto vyuma hutanuka, ikipoa hunywea, na kiungo kisichoshika sawasawa huachia baada ya siku chache.

Kwa hiyo mtengenezaji akikupa waranti ya mwaka mmoja, usidhani amekupa zawadi. Anajua kwamba kati ya maelfu ya mashine anazotoa, kadhaa zitakufa changa, na gharama hiyo ameshaiweka ndani ya bei. Umeilipia tayari. Ukishalielewa hilo, huendi kaunta ukiwa umeinamisha kichwa kama mtu aliyekuja kuomba unga.

Nikarudi dukani. Yule aliyeniita madamu sasa hakunikumbuka. Aliichukua risiti, akanionyesha maandishi madogo ya chini: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. "Sisi ni wauzaji tu, dadangu. Mambo ya waranti ni ya kampuni."

Nikaipigia kampuni. Dakika 40 za muziki, wimbo mmoja mfupi unaojirudia, nimeukariri. Kisha ile sauti ya upole ikaniuliza jina, nambari ya mashine, na kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nikamjibu kwamba kuzima inajizimia yenyewe, kazi yangu ni kuwasha tu. Hakucheka. Akanielekeza Westlands.

Westlands, kijana wa kaunta akaandika nambari iliyobandikwa chini ya mashine, akaitazama skrini yake, akatikisa kichwa. "Hii si ya hapa."

Si ya hapa vipi na nimeinunua barabara ya Moi? Akanifafanulia. Kila mashine ina nambari yake, na mtengenezaji anajua aliipeleka soko gani. Yangu ilikuwa imetengenezewa soko la Falme za Kiarabu. Mfanyabiashara ameinunua Dubai kwa bei nafuu, akaileta. Hakuna ubaya, mashine ni halisi na kadi ni halisi. Lakini kuna watengenezaji ambao waranti yao husafiri na mashine popote, na kuna ambao huifunga kwa eneo. Kwa hawa wangu, ahadi ilikuwa imebaki Dubai.

"Sasa nifanye nini?"

"Uirudishe ulikonunua."

Unaona huo mpira unavyorudi?

Pale kaunta palikuwa na kijana wa chuo aliyetoka Machakos alfajiri kwa matatu, mashine yake ameifunga kwa leso, nadhani ya mamake. Yake ilikuwa ya eneo sahihi kabisa, ila risiti ilikuwa imepotea. Akaambiwa bila risiti hakuna la kufanya. Hakubisha. Alisema "asante", akaifunga tena ndani ya leso, akaondoka. Ile asante yake iliniudhi kuliko yote niliyoambiwa mimi. Nikaingia kwenye matatu nikiwa na hasira, nikaenda kusoma sheria.

Na sheria, wapendwa, inasema mambo ambayo kaunta hazisemi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya 2012 inamhesabu anayekuuzia kuwa amekuhakikishia kwamba bidhaa ina ubora wa kuuzika, hata kama hakutamka neno. Tena haki hizo haziondolewi na makubaliano yanayosema vingine. Yale maandishi madogo chini ya risiti yanamtisha mnunuzi tu, hayaifuti sheria.

Umeliona neno lenyewe? Anayekuuzia. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotezwa. Tunadhani waranti ya kampuni ndiyo ahadi pekee tuliyo nayo, kwa hiyo kampuni ikikataa tunarudi nyumbani. Kumbe ahadi ni mbili. Moja ni ya mtengenezaji, ameiandika mwenyewe kwa masharti yake: mwaka huu, eneo hili, risiti ile. Ya pili ni ya sheria, na mwenye kuibeba ni yule uliyempa pesa. Hayo si maajabu ya Kenya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji hubeba dhamana ya kisheria kwa muda usiopungua miaka 2, na kanuni yao ya 2019 inasema kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kununua mpaka muuzaji athibitishe vingine. Mnunuzi hahangaiki kuthibitisha kwamba kasoro ilikuwepo tangu mwanzo.

Na ukikataliwa? Tangu Aprili 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianzia Milimani, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, bila tusi hata moja. Tarehe niliyonunua na kiasi nilicholipa. Kasoro na siku ilipoanza. Nilikokwenda, tarehe gani, nikaambiwa nini. Kisha ninachotaka: itengenezwe, ibadilishwe, au nirudishiwe pesa, ndani ya siku 14, la sivyo tutakutana Milimani. Nakala mbili, moja nikataka igongwe muhuri wa duka.

Meneja aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama mimi ni wakili.

"Mimi ni mteja," nikamjibu.

Kitambulisho changu cha uandishi wa habari kilikuwa mkobani muda wote na sikukitoa. Nilijaribiwa, sikatai. Lakini kama mashine inatengenezwa kwa sababu mwenyewe anaandika gazetini, basi kijana wa Machakos hana lake.

Akapiga simu mbili, akazunguka nyuma ya duka, akarudi. Duka litaipeleka Westlands na kulipia matengenezo. Nilitaka kuruka. Sikuruka, kwa sababu Westlands walinipa fomu.

Fomu ilitaka mambo matatu. Niache mashine pamoja na neno la siri. Nikubali kwamba kifaa chochote kitakachotolewa, ikiwemo diski, kinakuwa mali ya kampuni. Na nikubali kwamba hawawajibiki kwa chochote kilichomo.

Ndani ya diski ile mlikuwa na sauti ya mtu mmoja. Siwezi kusema ni nani wala anafanya kazi wapi. Alizungumza nami saa mbili nzima kuhusu mambo yanayofanyika kazini kwake, kwa sharti moja tu, kwamba jina lake lisijulikane. Nakala nilikuwa nimezihamisha kwenye flashi, kidogo kidogo, ndani ya zile dakika ishirini ishirini. Lakini kufuta faili si sawa na kulichoma moto. Wakati mwingine kinachofutwa ni anwani yake tu, na fundi mwenye programu inayofaa anaweza kulifufua. Wewe ungeiacha? Mtu akipoteza kazi, au zaidi ya kazi, kwa sababu diski imezunguka mjini, nitamwambia nini? Kwamba ilikuwa kwenye waranti?

Nikasema siachi diski wala neno la siri. Kijana wa kaunta akasema haiwezekani, ndiyo taratibu. Nikasema basi nasubiri. Nikaketi. Saa moja na nusu baadaye akatoka ndani fundi mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani.

"Shida ni nini, mama?"

"Shikamoo, mzee. Nataka diski yangu ibaki nami."

"Marahaba. Hii ina dalili zote za mazabodi. Mazabodi haihitaji diski yako."

Akaigeuza mashine, akafungua skrubu za chini, akang'oa kile kijidiski chembamba, hakizidi kipande cha bazoka. Akakitia kwenye bahasha, akaandika kwenye fomu "imepokelewa bila diski", akatia sahihi. Wao wangeijaribu kwa diski yao. Dakika nne. Ile "haiwezekani" ya saa moja na nusu ilikuwa dakika nne.

Mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba kila kitu, ikabadilishwa. Nilipoichukua siku 38 zilikuwa zimepita tangu izimike mara ya kwanza. Ninaiandikia hapa na haijazimika tena. Lakini hesabu haikuishia hapo. Siku zote hizo nilikuwa nikiandika kwenye saiba za Tom Mboya, nikilipa kwa dakika, na kuna habari ambazo huwezi kuziandika mtu akiwa nyuma ya bega lako. Stori mbili nilizokuwa nazo mkononi zilitolewa na wengine. Hakuna kadi inayofidia hayo. Niliuliza pia kama siku hizo 38 zitaongezwa kwenye waranti. Sauti ya upole ikajibu kwamba muda unahesabiwa tangu tarehe ya ununuzi. Kwa hiyo katika mwaka wangu niliolipia, zaidi ya mwezi niliutumia foleni.

Haya, ukienda kununua, iangalie ile nambari kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani, kabla pesa hazijatoka. Tovuti nyingi zitakuonyesha waranti inaisha lini, na zingine zitakuambia ni ya eneo gani. Muuzaji akinuna, hilo nalo ni jibu. Risiti ipige picha siku hiyo hiyo, kwa maana wino wake hufifia. Ukilipa kwa M-Pesa usiufute ule ujumbe, nao ni ushahidi kwamba pesa zilitoka kwako zikaenda kwao. Mashine mpya itumikishe sana wiki mbili za kwanza: kama ina kasoro ya kuzaliwa, afadhali ijitokeze mapema. Kila unapozungushwa, andika tarehe na maneno uliyoambiwa. Na usikubali kukabidhi diski kabla hujauliza kama inahitajika kweli.

Kubwa zaidi, mrudie aliyekuuzia. Ukimwona mtu amefunga mashine yake kwenye leso anarudi nyumbani akisema asante, mwambie hilo kabla matatu haijaondoka.

Tutaonana tena, safari hii hivi karibuni.