Kongwa Kabla ya Mvua

Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma unapita Gairo, halafu unaingia Wilaya ya Kongwa. Mwishoni mwa Oktoba jua la Kongwa ni kali. Majani yamekauka. Vumbi hufuata kila gari. Wakulima wamesafisha mashamba, nao wanangoja mvua. Swali lao ni moja: mwaka huu tupande nini?

Swali hilo si jipya hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Kongwa. Ilileta matrekta mengi. Ilitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3 kwa jumla, Tanganyika na nchi jirani. Lakini mvua za Ugogo ni chache, tena hazitabiriki. Jua lilipowaka, udongo ukawa mgumu sana. Karanga zikashindikana kung'oka. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Matrekta hayakuishinda hali ya hewa.

Siku hizi mkulima wa Kongwa anao msaada. Kabla ya mvua kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili. Redio huutangaza. Je, ndugu msomaji, tunauelewa?

Tutazame neno "wastani". Njia moja inayotumika sana ni hii. Wataalamu huchukua vipimo vya mvua vya miaka 30. Huipanga miaka hiyo, kuanzia wenye mvua kidogo hadi wenye mvua nyingi. Miaka 10 ya kwanza huitwa chini ya wastani. Miaka 10 ya katikati ni ya wastani. Miaka 10 ya mwisho ni juu ya wastani. Joto nalo hupangwa vivyo hivyo.

Tuseme utabiri unasema mvua ya chini ya wastani ina nafasi 50 katika 100. Hiyo si ahadi. Maana yake, katika misimu 10 yenye utabiri kama huo, yapata misimu 5 itakuwa na mvua kidogo. Mingine 5 itakuwa na mvua ya wastani au zaidi. Utabiri huo pia hausemi mvua itanyesha siku gani. Kwa hilo, sikiliza utabiri wa kila siku.

Usisikilize habari ya mvua peke yake. Sikiliza na ya joto. Mvua ikiwa ile ile lakini joto likazidi, maji hukauka upesi shambani, na mimea hunyauka.

Basi mkulima afanye nini? Asiweke mbegu zote katika zao moja. Utabiri ukionyesha mvua kidogo na joto kali, apande mtama na uwele sehemu kubwa ya shamba. Mahindi yawe machache, yale yanayokomaa mapema. Amwone bwana shamba kuhusu mbegu. Chakula kilichomo ghalani asikiuze chote.

Mvua zikiwa nzuri, hatapata hasara kubwa. Zikiwa mbaya, watoto wake watakula.