Wimbo Uliotufikia kwa Kaseti

Nilipokuwa shule ya msingi mjini Singida, redio tuliyoitegemea nyumbani ilikuwa moja, na wimbo usiopigwa humo ulikuwa kama haujatungwa. Hata hivyo, “Mambo kwa Soksi” wa Dokta Remmy Ongala na bendi ya Super Matimila ulitufikia. Baba yangu mdogo, utingo wa malori, aliuleta kwa kaseti kutoka Dar es Salaam.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja nchini mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye, akiwa na Matimila, aliimba juu ya wanyonge na kifo, na mwaka 1988 maonesho ya WOMAD yakamfikisha Ulaya. Lakini alipohimiza kondomu wakati UKIMWI ukiteketeza watu, Redio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo huo.

Sisi watoto tuliucheka. Baba mdogo naye aliucheka. Miaka michache baadaye tulimzika, na msibani tukaambiwa amerogwa. Sidai kwamba wimbo ungemwokoa; kaseti alikuwa nayo. Ninachodai ni kwamba ukimya wa redio uliwafundisha watu wazima wote waliotuzunguka kuwa jambo lile halisemeki.

Remmy alifariki Desemba 2010. Udokta alipewa na wasikilizaji wake; wangu nimepewa na chuo, na sina hakika ni upi mzito zaidi. Ndugu mtumishi wa umma, unapozuia neno kwa jina la maadili, jiulize pia ni nani atakayelipa gharama ya ukimya huo.