Picha Ambayo Hakuna Aliyeiona

Mwishoni mwa Mei 2014 nilishika tama kwa ajili ya picha ambayo ilikuwa haijaanza hata kupigwa.

Habari zilitoka Marekani: Edgar Wright, Mwingereza aliyekuwa aongoze Ant-Man ya studio ya Marvel, amejitoa. Kuanzia 2006 tulijua kwamba kazi hiyo ni yake. Yeye na mwenzake Joe Cornish walishaandika mswada na kuurudia, Paul Rudd alishapewa ustelingi, Michael Douglas naye alishaingia, na mwezi wa kutoka, Julai 2015, ulishatangazwa. Miaka minane ya kulea mimba, halafu mkunga anaondoka uchungu umeshaanza! Taarifa ya pamoja ya Wright na Marvel ilisema wameachana kwa wema kwa kuwa wametofautiana mtazamo. Mtanzania hahitaji kutafsiriwa lugha hiyo. Ni ndugu yake “atapangiwa kazi nyingine”.

Kijiwe chetu kilikuwa kwenye duka la CD pale Mwenge, chumba chembamba ambacho watu watatu wakiingia wa nne anabaki mlangoni. Mimi nilikuwa upande wa Wright, tena kwa sauti ya juu. Nilishaziangalia Shaun of the Dead na Hot Fuzz mpaka CD zikaanza kukwama. Nilipenda jinsi mtu anavyofunga mlango au kumimina bia kwenye picha zake: vipande vinne ndani ya sekunde mbili, kila kimoja na mlio wake, na wewe unacheka kabla hujajua unacheka nini. Mwenzangu alikuwa upande wa studio. Hoja yake ni kwamba mwenye hela ndiye mwenye harusi, na mpishi asiyefuata anachotaka mwenye harusi aende akapike kwake.

Tarehe 7 Juni akatangazwa mrithi, Peyton Reed. Niliposikia kwamba ndiye aliyeongoza Bring It On, ile ya wasichana wanaoshangilia mechi shuleni, nilicheka kicheko cha dharau ambacho leo kinanitia aibu. Nikasema huyu ameletwa kwa sababu hatabisha. Nikasema mengine pia. Ubishi ukapanda mpaka mwenye duka, aliyekuwa anafuta CD kwa kipande cha fulana, akainua uso.

“Hiyo picha mnayo?”

Tukamwambia bado, ni mpaka mwakani.

“Sasa mnagombania nini?”

Tulimwona hajui sinema, na tukaendelea.

Ilipotoka tuliiangalia kwenye laptopu, watu watano kitanda kimoja. Nilikuwa nimeapa kwamba sitaiangalia, lakini kiapo cha shabiki mnakijua. Kilichonishangaza ni mchezo tulioanza bila kupanga. Kila tulipocheka, mmoja wetu alisema, “Hiyo lazima ni ya Wright.” Kila sehemu iliyopooza tukamtupia Reed. Lile pambano la chumbani kwa mtoto, juu ya treni ya kuchezea, tulimpa Wright. Luis, rafiki wa steling, anaposimulia habari ndefu mbiombio, na watu wengine wanachezesha midomo huku sauti ni yake yeye, hapo nilicheka mpaka nikajipaliza soda, na hapo pia tukampa Wright. Ushahidi hatukuwa nao. Mwishoni yalipopita majina, waandishi wa mswada walikuwa wanne: Wright, Cornish, Adam McKay, na Paul Rudd mwenyewe. Nani aliandika kipi, sisi kitandani pale tungejuaje? Tuligawa urithi bila kuuona wosia.

Na mgao wenyewe haukuwa wa haki. Picha ya Reed tulikuwa nayo mbele yetu, na dosari zake zote. Picha ya Wright haikuwa na dosari hata moja kwa sababu haikuwepo. Haikuwa na mwigizaji aliyechoka wala kichekesho kilichokosea njia. Kila mmoja wetu aliitengeneza kichwani mwake, akaipenda kuliko picha zote alizowahi kuona, kisha akaja kumuuliza Reed kwa nini hakutuletea hiyo.

Mawazo haya sikuyapata kitandani siku ile. Niliyapata miaka michache baadaye, nilipokalishwa mimi kwenye kiti cha Reed.

Mwalimu wetu wa kwaya aliondoka wiki sita kabla ya Pasaka. Walikuwa wamekwaruzana na wazee wa kanisa kuhusu ngoma na kinanda, lakini tangazo la Jumapili lilisema “mwalimu ameomba kupumzika”. Mimi nilikuwa mwimbaji wa tena wa kawaida tu, ila nilijua kusoma nota, basi nikakabidhiwa kaunta buku lake. Nota zote alikuwa ameziandika kwa penseli, kwa mwandiko mdogo ulioinama. Wimbo wa Pasaka ulikuwa na beti mbili zenye sauti nne kamili. Ubeti wa tatu ulikuwa na sauti ya kwanza peke yake. Chini yake mistari mitupu.

Niliijaza mwenyewe, usiku, nikifuta na kuandika mpaka karatasi ikaanza kutoboka.

Mazoezini hakuna aliyenitukana. Waliniheshimu, na heshima ile ilinichoma. Kila nilipokosea, mama mmoja wa alto alikuwa akipumua kwa nguvu na kutazama dirishani. Besi walichelewa kuingia kwenye kiitikio, wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tano. “Enzi za mwalimu,” mama yule akasema, bila ubaya wowote, “besi walikuwa wanaingia kwa pamoja, pap!” Wenzake wakaitikia. Wakati huo nilimkumbuka Peyton Reed, mtu nisiyemjua wala asiyenijua. Alitajwa mwezi wa sita, na mwezi wa nane kamera zikaanza kuzunguka. Mimi nilikuwa na kwaya moja tu. Yeye alikuwa na dunia nzima inayopumua kwa nguvu na kutazama dirishani.

Naye Wright alikwenda kutengeneza Baby Driver, picha tamu kweli, na mwaka ilipotoka, 2017, alisema kwamba Ant-Man hajaiona. Zamani ningesema hiyo ni kinyongo. Siku hizi naona kuna nyumba uliyoichimbia msingi ambayo huwezi kuingia kama mgeni na kuonyeshwa choo kilipo.

Ila mwalimu wetu yeye alikuja. Ilikuwa Jumapili kama ya tatu baada ya Pasaka. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na mimi mikono ilikuwa inatetemeka nilipoinua kuanzisha. Tuliuimba ule ule wa Pasaka, na ubeti wangu wa tatu ndani yake. Ibada ilipoisha nikamfuata nje, chini ya mwembe.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.” Akanishika mkono, hakuuachia. “Sauti ya nne wanachelewa kuingia kwenye kiitikio.”

Nikamwambia najua, najitahidi, samahani.

“Aa, usijisumbue,” akasema. “Hata mimi walinishinda.”